Nesi Aliyejua Damu Iliyolala

Mikono yake ilikuwa baridi. Kila aliyemfahamu huanza na hilo, nami sina sababu ya kuanzia kwingine. Haikuwa baridi ya mtu aliyetoka kunawa. Ilikuwa baridi ya ndani, kama ya mtungi uliokaa kivulini. Alikushika kiganja, akakigeuza juu, akakiinamia, halafu akakinusa. Ndiyo, alikinusa, nesi mzima mwenye vyeti vilivyowekewa fremu ukutani. Kisha alisema moja kati ya mambo mawili: damu imeamka, au damu imelala. Baada ya hapo ndipo alipofungua sindano na kuchukua damu ya kupeleka maabara, kwa utaratibu wote, glovu na pamba na kibandiko.

Tulimwita Nesi wa Utafiti. Jina lake nalijua, silitaji. Yeye mwenyewe kwa miaka ile hakumtaja mgonjwa wake hata mmoja kwa jina, basi nami namfanyia vivyo hivyo. Namwandika sasa kwa sababu ya kiuno changu. Nitafika huko.

Mimi nashona sare za shule Miembeni, hapa mjini Bukoba. Nilimfahamu kupitia mama yangu, mkulima wa migomba na kahawa kule Muleba. Tumbo la mama lilianza kujaa, tukadhani ni minyoo, tukadhani ni uzee, tukadhani kila kitu isipokuwa saratani ya mfuko wa mayai, ambayo ndiyo ilikuwa. Alipasuliwa, kisha akaanzishiwa dripu. Dripu zile huua saratani, lakini huangusha pia chembe nyeupe za damu, zile zinazoulinda mwili. Zikianguka sana, homa ndogo tu inaweza kukumaliza, na dripu inayofuata lazima iahirishwe. Ikiahirishwa, saratani inapata nafasi ya kujipanga upya.

Ilikuwapo sindano ya kuziinua chembe zile. Watu wa utafiti walitaka kujua kama kumchoma kila mgonjwa sindano hiyo baada ya kila dripu kutamsaidia amalize matibabu kwa wakati na aishi zaidi, au kutamtesa bure, maana ilikuwa inauma mifupa. Basi nusu ya akina mama walichomwa, nusu hawakuchomwa. Kompyuta ya huko mbali ndiyo iliyopiga kura, jibu likaja katika bahasha iliyofungwa, na bahasha alizitunza yeye. Ya mama yangu ilipofunguliwa, ilisema hapana.

Kwa hiyo kwetu jambo lilikuwa moja tu: damu ya mama iamke yenyewe kabla ya siku ya dripu. Wiki baada ya wiki, hilo ndilo tulilolalia na kuamkia.

Utafiti haukuruhusu majina kwenye karatasi, na Nesi hakuwa mtu wa kufanya jambo nusu. Akayafuta majina hata mdomoni. Mama alikuwa Kumi na Moja. Mama wa mtaa wa Bakoba mwenye genge la ndizi alikuwa Nne. Ungemsikia uwanjani mwa hospitali, sauti yake ya chini, ya kwaya: "Kumi na Moja, siku ya ngapi leo?" Alihesabu siku tangu dripu. Siku ya kumi ndiyo aliyoiogopa, kwa sababu hapo damu huwa chini kabisa. Mama alicheka. Alisema padre alimbatiza mara ya kwanza na huyu amembatiza mara ya pili, na ubatizo wa pili ndio una maji baridi zaidi.

Alitembea na kikapu kidogo chenye mfuniko, cha ukindu, na ndani yake kulikuwa na akamwani, zile kahawa zetu za kutafuna zilizochemshwa na majani na kukaushwa. Kwa Wahaya mwenye nyumba ndiye humpa mgeni. Nesi aligeuza. Alikuja kwako akakupa yeye. Kama damu yako imeamka, alifungua kikapu, akatafuna moja mbele yako, kisha akakutilia mbili kiganjani. Kama imelala, alizitoa, akazifumba mkononi, akaketi nazo hivyo hivyo mpaka aage. Mgonjwa ambaye damu imelala hapaswi kula kitu kilichotoka mkononi mwa mtu mwingine, alieleza hivyo, na maelezo yalikuwa ya kitaalamu kabisa. Lakini alikuwa anaufumba mkono kabla damu haijafika maabara. Akina mama waliacha kusubiri karatasi. Walimwangalia mkono.

Kijana wa maabara hakuamini. Mwanzoni alikuwa anamtania, "Nesi, leo mashine yangu ipumzike?" Siku moja Nne alikuja kutoka Bakoba, Nesi akamnusa kiganja, akafumba mkono. Mashine ikasema damu iko juu, tena juu vizuri. Daktari akaandika dripu iende. Nesi akasimama mlangoni mwa chumba cha dripu na kisanduku chake cha barafu, kile cha kubebea vichupa vya damu, hampishi mtu. Hakupaza sauti. Alisema tu, "Rudieni." Wakarudia. Kumbe vichupa viwili vya asubuhi vilibadilishana vibandiko, na ya Nne ilikuwa chini mno, dripu ile ingemlaza. Kijana wa maabara alinisimulia mwenyewe alipokuja kupunguza suruali, na alipomaliza alijifuta mikono kwenye shati kama ameshika kitu. Tangu siku hiyo hakumtania tena.

Nilimuuliza Nesi mara moja, anajuaje. Alinitazama kama nimemuuliza njia ya kwenda sokoni.

"Miaka yote hii nashika damu ya watu," alisema. "Wewe hujui kitambaa kwa kukigusa tu?"

Najua kitambaa. Lakini kitambaa hakijafichwa ndani ya mtu.

Usidhani alikuwa mganga. Waganga aliwachukia kwa nguvu zote. Akikuta hirizi shingoni mwa mgonjwa aliikata kwa mkasi wa hospitali na kuitupa kwenye ndoo ya takataka hatari. Mlutheri, sauti ya pili kwaya ya Jumapili, sketi chini ya goti. Na mtu huyo huyo hakuruhusu mtu yeyote aruke kisanduku chake cha barafu. Ukikiruka, ulirudi ulikopita, ukaanza upya kuzunguka. Alikataza wagonjwa wasipeane mikono na wageni, na yeye anashika viganja vyao kutwa nzima. Msimu wa senene, wale panzi wetu wa kukaanga, aliwafokea akina mama wale tu zilizokaangwa vizuri, zikiwa bado za moto, na mfukoni mwa koti lake jeupe alikuwa na zake za juzi, anatafuna huku anaandika.

Kazi kubwa aliipata kwa wale ambao bahasha zao zilisema ndiyo. Sindano ile iliitwa dawa ya kukuza. Unadhani nini? Mtu ana kitu kinakua tumboni, unamletea dawa ya kukuza. Wanaume walikaa baraza kule Muleba wakajadili, wakaona wazungu wameleta mbolea ya uvimbe. Mama mmoja wa njia ya Kamachumu alikuwa anamwaga sindano zake shinani mwa mgomba. Nesi aligundua alipofika. Hakugombana. Alikwenda akauangalia mgomba ule muda mrefu, kisha akamwambia, "Mgomba wako haujakua. Sasa jipe wewe." Wenyeji wanasema mgomba ule ulizaa mkungu mweusi. Huo mimi sikuuona, na watu wetu hutia chumvi.

Waliochomwa walilalamika mifupa. Walisema inavuma kwa ndani. Nesi alifurahi aliposikia hivyo, ndizo mara pekee nilizomwona akitabasamu. "Inafanya kazi," alisema. Mama yangu alikuwa anawasikiliza wenzake wakiugulia mifupa na uso wake ukawa wa mtu anayesikia harufu ya chakula cha jirani. Niliumia kumwona. Naumia hata sasa.

Tulifika dripu ya nne salama. Siku ya kumi baada yake nilikuwa Muleba, nimefunga duka. Nesi alipita asubuhi kwa bodaboda, akamshika mama kiganja, akafumba mkono. Imelala. Akaniambia mimi, si mama: "Binti wa Kumi na Moja, mlango ni wako leo. Mtu asiingie. Kesho kutwa narudi." Nikaitikia.

Mchana ukungu ulikuwa umeshuka mpaka kwenye migomba, huoni choo kilipo. Akatokea shangazi yangu, dada wa marehemu baba. Yeye na mama walikuwa hawasemezani miaka mingi kwa sababu ya mpaka wa kibanja, shamba la migomba la ukoo. Alisimama kwenye nyasi za mlangoni, khanga imelowa, kikapu mkononi.

"Wasibota waitu," alisalimia kwa Kihaya. "Nimekuja kumwona wifi yangu. Mtanifukuza?"

Ningemfukuza. Hapo ndipo ninapojirudia kila siku: ningemfukuza. Lakini mama aliisikia sauti akaita, "Mwache aingie."

Shangazi alipiga magoti, akafungua kikapu chake. Akachukua kahawa moja, akaipasua kwa meno. Kila kahawa ina punje mbili, kila mtu anajua, na kwetu kugawana punje mbili za tunda moja ni kumaliza ugomvi kabisa. Moja akaitafuna, nyingine akamnyooshea mama, imelowa mate yake. Ukikataa, umesema ameweka sumu. Ukikataa kwa wifi uliyekosana naye, umesema hivyo mbele ya mashahidi. Mama alinitazama. Nilitakiwa niseme jambo moja tu, kwamba Nesi amekataza. Nilitazama pembeni. Mama akaipokea akatafuna, na wote wawili wakalia, na shangazi katikati ya kulia akakohoa.

Kesho yake mama alikuwa anatetemeka kwa homa, kipimajoto kimepita alama nyekundu. Tulimpakia gari la kukodi mpaka Bukoba. Alipowekewa dawa za mshipa nilikwenda moja kwa moja ofisini kwa Nesi. Friji ilikuwa nyuma yake. Nilijua kilichomo: sindano za akina mama wengine, zimepangwa kama mayai.

Nilipiga magoti. Nina magoti magumu na moyo mgumu zaidi, lakini nilipiga. Nikamwambia, "Sista, moja tu. Mchome moja tu, hakuna atakayejua."

"Mimi nitajua."

"Atakufa."

"Daktari anampa dawa anazostahili kupewa mgonjwa yeyote wa homa hii. Hanyimwi kitu. Hii ya humu hakuna anayejua kama inaokoa, ndiyo maana tunauliza. Nikimpa Kumi na Moja kwa siri, jibu litakuwa la uongo, na watakaokuja baada yake watatibiwa kwa uongo." Akaniangalia kutoka juu. "Utakuwa mmoja wao labda."

Nilimchukia kwa sentensi ile. Ilinipita mgongoni kama maji ya ziwani.

Kisha akafungua faili. "Nani alikuja kumwona?"

"Hakuna," nilisema.

Hakuandika mara moja. Alinitazama mikono, kalamu imesimama juu ya karatasi, friji inanguruma. Halafu akaandika kitu kifupi, akafunga faili.

Mama alipona homa ile. Lakini dripu ya tano iliahirishwa mara mbili, ya sita ikapunguzwa, na haikupita muda maji yalirudi tumboni. Tulimzika kibanjani, upande wa ule mpaka, shangazi akalia kuliko wote. Niliwaambia watu wote walionisikiliza kwamba Nesi wa Utafiti alimnyima mama dawa iliyokuwa ndani ya friji. Niliwaambia wateja. Habari za kahawa sikumwambia mtu, hata ndugu zangu.

Miezi miwili baada ya mazishi alikuja. Nilikuwa nafyeka majani makavu. Sikusikia bodaboda, sikusikia hatua. Niliinua kichwa nikamkuta amesimama kaburini na kisanduku cha barafu begani, mchana kweupe. Utafiti ulimtaka aje kuuliza tarehe ya kifo na hali ilivyokuwa, hilo alinieleza baadaye, na fomu aliijaza. Lakini kwanza aliinama. Akaweka kiganja juu ya udongo, ukiwa bado haujashikana, akakinusa. Akasema kwa sauti yake ya kazini, "Kumi na Moja, nimekuja." Akatega sikio kama anayejibiwa. Kisha akatoa kikapu chake kidogo, akatafuna kahawa moja, na mbili akaziweka juu ya kaburi.

Nilijua maana ya zile mbili, wewe pia unaijua sasa. Sikuthubutu kumuuliza. Nilimfukuza kwa maneno ambayo sitayaandika, naye akaondoka, migomba ikamfunika. Kahawa zile asubuhi hazikuwapo. Ndege, bila shaka.

Miaka ikapita bila kuonana. Nikasikia utafiti umekwisha, amestaafu, anaishi peke yake Kitendaguro na kuku wake, macho yameingia mtoto wa jicho. Nikasema vizuri.

Sasa kiuno. Fundi hujipima bila kukusudia, futi ya kitambaa iko shingoni kutwa. Kuanzia mwaka jana mwishoni sketi zangu ziligoma kufunga, na mashavu yangu yanabonyea. Nashiba kwa matonge mawili. Niliongeza upana wa sketi moja, ya pili, ya tatu. Nilipofika ya nne nilikaa chini mbele ya cherehani nikaogopa kama sijawahi kuogopa. Sikumwambia mume wangu. Sikwenda hospitali. Jumamosi moja, mvua inanyunya, nilijikuta napanda Kitendaguro.

Mlango ulikuwa wazi. Alikuwa ameketi kwenye kiti cha chini, nyasi mpya zimetandazwa sakafuni, macho meupe yanatazama ukuta. Sikuwa nimebisha wala kusema neno.

"Binti wa Kumi na Moja," alisema. "Umechelewa."

Niliketi kwenye nyasi. Nilikuwa nimepanga kuzunguka, kuuliza afya, kuuliza kuku. Badala yake yakatoka yale niliyokuwa nimeyameza miaka yote. "Shangazi alikuja siku ile. Nilikudanganya."

"Nilijua. Mama yako alikuwa ananukia kahawa mpaka kwenye jasho. Niliandika: mgeni mmoja."

"Basi ni mimi niliyemuua."

"Tulipanda ile damu yake maabara tuone kitakachoota," alisema polepole, kama anayemfundisha mwanafunzi mzito. "Kilichoota ni mdudu wa tumbo lake mwenyewe. Damu ikilala, hata vilivyo vyako vinakugeuka. Shangazi yako alikuja na kikohozi, akaondoka nacho. Ningekwambia siku ile pale kibanjani, ulinifukuza."

Nililia, na sijui nililia kwa muda gani. Kuku aliingia akatoka. Nimebeba kahawa ile moja miaka yote hii, na jibu lilikuwa ndani ya kikapu chake.

Nilipotulia nikamuuliza swali la siku zote: sindano ile, ilikuwa inaokoa?

"Waliochomwa walimaliza dripu zao bila kusimamasimama. Kama waliishi zaidi, wanabishana mpaka leo. Lakini sasa daktari akiona mtu yuko hatarini, anamwandikia, na anajua anachofanya. Mama yako yumo katika jibu hilo. Yeye na hapana yake."

Kisha akapapasa kando ya kiti, akakipata kikapu. Ukindu ulikuwa umeshakatika pembeni. Akatafuna moja. Akatoa mbili. Akaunyoosha mkono wa kushoto, nami nikampa kiganja changu. Baridi ile ile. Akakigeuza, akainama, akanusa kwa muda mrefu kuliko nilivyowahi kumwona akimnusa mtu yeyote.

Akafumba mkono.

"Sista," nilisema, "hata moja?"

"Jumatatu asubuhi uwe hospitali. Usipitie dukani kwako. Utazila ukirudi."

Niliushika ule mkono nikajaribu kuufungua, kwa mzaha, unajua, mtu akiogopa hufanya mzaha. Nina vidole vya fundi, navunja uzi wa jinzi kwa mkono. Haukufunguka hata kidole kimoja.

Nilikwenda Jumatatu. Nimepasuliwa, nimeshapata dripu tatu, na baada ya kila moja nachomwa sindano ile, ipo kwenye friji yetu karibu na maziwa. Mifupa inavuma kwa ndani kama walivyosema. Nikisikia inavuma namkumbuka mama na uso wake ule. Kesho ni siku ya kupima damu kabla ya dripu ya nne. Maabara inafunguliwa saa mbili. Mimi saa moja nitakuwa Kitendaguro, nimenyoosha kiganja.